Abiria Naye ni Mtu Mzima

Ukienda kwenye mazishi katika milima ya Taita, iwe ni Mgange, Werugha au Mbale, hukosi kusikia tangazo hili kabla ya mahubiri: mwenye gari nambari fulani, tafadhali alisogeze, limeziba njia. Msemaji huisoma nambari hiyo kwenye kipaza sauti, herufi baada ya herufi, kisha huirudia. Mwanamume mmoja huinuka, akajikung'uta suruali, akapita katikati ya viti funguo zikimlia mkononi. Hana haraka. Kila mtu amemwona, na hata walio mbali wataulizana ni mtoto wa nani.

Katika umati huohuo ameketi mwalimu mkuu mstaafu aliyesomesha nusu ya waombolezaji. Pembeni yake yupo mkunga aliyewazalisha akina mama wa kata nzima. Hawa wawili walipanda kutoka Mwatate kwa probox, wanne kwenye kiti cha nyuma, mtoto wa mtu mapajani na kapu la ndizi miguuni. Mazishi yakiisha watasimama kando ya barabara na kutazama nani ana nafasi. Atakayewapa lifti atashukuriwa mbele za watu, na ndivyo inavyostahili. Lakini hapo ndipo swali litakapoulizwa, mara nyingi na kijana ambaye mwalimu huyo alimfundisha kushika kalamu: Mwalimu, kwani wewe hukujifunza gari?

Swali hilo limekuwa la kawaida sana Voi na kaunti nzima ya Taita Taveta. Anaulizwa mwanamke aliyerudi kutoka Ghuba na kujenga nyumba ya mawe Mwakingali. Anaulizwa karani aliyechukua mkopo wa ushirika akasomesha watoto badala ya kununua Vitz. Anaulizwa bwana harusi, na baba yake pia. Nyuma ya swali lenyewe kuna hukumu iliyokwisha kutolewa: mtu mzima asiyeendesha gari amepungukiwa, hakumaliza kukua. Akiwa hana fedha, ataambiwa ni maskini. Akiwa nazo, ataambiwa ni mwoga au bahili. Kwa vyovyote vile hachomoki.

Naiona hukumu hii kuwa ya uonevu. Pia haina mashiko, kwa sababu inawahukumu walio wengi kwa kipimo cha wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilipouliza familia za Kenya zina mali gani, zilizokuwa na gari hazikufika hata moja kati ya kila kumi. Kaunti yetu ilihesabiwa kuwa na watu 340,671. Wengi wao, asubuhi ya siku yoyote ya kazi, wako miguuni, kwenye bodaboda, ndani ya matatu au ndani ya probox. Asiyeendesha ndiye mkazi wa kawaida wa hapa. Ajabu ni kwamba amefanywa ajione yu peke yake.

Tuwatazame hawa wasioendesha, maana wanazungumziwa kama kwamba wote ni mtu mmoja. Yupo mwenye kifafa, ambaye akishika usukani anahatarisha roho yake na za wenzake, na ambaye hataki kueleza ugonjwa wake kila anapoulizwa. Yupo ambaye macho yake hayaoni vizuri jioni. Yupo mzee wa miaka 75 aliyeendesha lori la mkonge maisha yake yote, akaamua mwenyewe kwamba mikono imechoka. Yupo mwenye ulemavu ambaye gari la kumfaa lingegharimu zaidi ya nyumba yake. Kisha wapo waliokataa tu: wanaojua hesabu ya petroli, bima, matairi na gereji, wakaona fedha hizo zina kazi nyingine. Hao wa mwisho ndio wanaosemwa kuliko wote, na mimi nawaheshimu kuliko wote.

Wapo pia wenye hofu, na Voi hofu hiyo ina sababu ya kuonekana kwa macho. Simama mahali panapoitwa Caltex saa kumi na mbili jioni. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa inapita hapo, na malori ya makontena yanashuka kuelekea bandarini au yanapanda kuelekea Kampala na Kigali, moja nyuma ya jingine, breki zikipiga miluzi. Katikati yake basi la abiria linatafuta mwanya wa kupita. Upande huu wapo wanafunzi wanaosubiri kuvuka, upande ule mama anauza mahindi ya kuchoma, na bodaboda anapita katikati ya vyote akiwa na godoro kichwani mwa abiria wake. Kutoka hapo kwenda Maungu upande wa pwani, au Ndii na Manyani upande wa bara, ni familia chache mno ambazo hazijampoteza ndugu, jirani au mwanakwaya mwenzao kwenye lami hiyo. Majeruhi huletwa Hospitali ya Rufaa ya Moi hapahapa mjini, na mji mzima hupata habari kabla ya usiku kuingia. Mtu aliyemtambua dada yake chumba cha maiti, akaapa kwamba hatashika usukani kamwe, hadaiwi maelezo na mtu yeyote.

Wanaume wana sehemu yao ya aibu katika jambo hili. Mke akiendesha na mume akiketi kando, watu huangaliana. Utani utafuatia kwenye kikao cha wazee, au baa, au nje ya kanisa baada ya ibada: nani mwenye nyumba pale? Najua wanaume waliomwomba mke asimamishe gari mita mia mbili kabla ya kufika ukweni ili wabadilishane viti, na ambao wakati huo hawakuwa na leseni. Yaani mtu anakubali kuvunja sheria na kuhatarisha watoto wake walio nyuma, mradi wakwe wasimwone ameketi upande wa abiria. Aibu ikifika mahali pa kuweza kuua, si jambo la kutaniana tena.

Kwa mwanamke mambo ni kinyume chake, na bado hapati nafuu. Akiendesha, huulizwa gari ni la nani. Asipoendesha, huambiwa amebaki nyuma ya wenzake wa kisasa. Dada zetu wengi wamefanya kazi Saudia, nchi ambayo hadi Juni 2018 haikuwaruhusu wanawake kuendesha kabisa. Wanawake wa huko walipigania ruhusa hiyo kwa miaka, baadhi wakafungwa, na ushindi wao ulikuwa wa haki. Walichopigania ni uhuru wa kuchagua. Sisi hapa, ambao hatukuwahi kunyimwa na sheria, tumekichukua kitu cha hiari tukakifanya sharti la kuhesabiwa mtu.

Lakini wakubwa wetu wenyewe hawaendeshi. Gavana haendeshi. Waziri haendeshi. Mkurugenzi akifika Mwatate kwa mkutano, hufunguliwa mlango wa nyuma, na hakuna anayemuuliza kama ana leseni. Dereva wake, ambaye ndiye mwenye ujuzi tunaodai kuuheshimu, atakula chakula chake ndani ya gari au chini ya mwarobaini. Kumbe ujuzi wa usukani hatuujali hata kidogo. Tunachokipigia magoti ni mali. Zamani, katika mashamba ya mkonge na nyumba za Wazungu, dereva alikuwa mwajiriwa kama mpishi na mtunza bustani. Baada ya uhuru ndipo gari likawa alama ya aliyepanda cheo, na Afrika Mashariki nzima ikawapa wenye magari makubwa jina la wabenzi. Jina hilo lilitolewa kwa uchungu. Watoto wetu wamelirithi kama ndoto.

Na nchi hii ilijengwa na watu wa miguu. Mji wa Voi wenyewe, kama inavyosimuliwa, umepewa jina la Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa karne ya 19 aliyeongoza misafara kati ya Ukambani na pwani, na aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf kwake Kitui mwaka 1849. Mwaka mmoja kabla ya hapo Johannes Rebmann alitoka Rabai kwa miguu, akiongozwa na Bwana Kheri, akapita katika nchi ya Wataita, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro. Taveta ilikuwa kituo kikubwa cha misafara: watu walipumzika chini ya miti ya msitu wake, wakanunua ndizi na kupata maji ya kutosha, kabla ya kuendelea na nyika. Halafu yupo Ewart Grogan, Mwingereza aliyefika Cairo mwaka 1900 baada ya kusafiri kutoka kusini mwa bara hili, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. London ilimpokea kama shujaa. Baadaye alimiliki mashamba makubwa Taveta na kujenga jumba juu ya kilima ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Mzungu alitembea, akaandikwa vitabuni. Wapagazi waliotembea pamoja naye, wakiwa na mizigo yake kichwani, majina yao ni wachache wanaoyajua. Na leo Mtaveta akitembea kilomita tano kwenda shambani, tunamhurumia.

Reli nayo ilifuata njia ya miguu. Ile ya kutoka Voi kwenda Maktau na Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, na kwa miaka mingi baada ya vita ilibeba abiria, mazao na barua. Katika zama za treni hakuna aliyeulizwa kwa nini haendeshi. Tajiri aliketi daraja la kwanza na mkulima daraja la tatu, lakini wote walikuwa abiria, na wote waliingoja kengele ileile ya stesheni. Reli ya Taveta leo haina treni ya abiria, na sehemu nyingine nyasi zimeifunika. Treni ya Madaraka ya mwaka 2017 inasimama Voi kwa wale wanaopanda ile ya vituo vingi, ni kweli, na imewafaa wengi. Lakini stesheni mpya haiko katikati ya mji kama ile ya zamani. Ukishuka na mzigo na mtoto mgongoni, safari haijaisha: utapatana na tuktuk au bodaboda, na bei ya usiku utatajiwa bila aibu.

Madhara ya mtazamo huu hayaishii kwenye utani. Soma matangazo ya kazi yanayobandikwa kwenye mbao za ofisi na kupitishwa kwa WhatsApp. Anatafutwa afisa wa jamii, au mhasibu, au msaidizi wa mradi wa kilimo, na mwishoni kuna mstari: awe na leseni halali ya kuendesha pikipiki au gari. Kwa kazi ya kuzunguka vijiji vya Kasighau siku nzima, sawa, mstari huo una maana. Kwa mhasibu atakayeketi mezani Voi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, maana yake ni nini? Msichana kutoka Bura aliyemaliza Chuo Kikuu cha Taita Taveta akiwa na alama nzuri anaachwa nje kabla jina lake halijasomwa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na fedha za shule ya udereva baada ya kulipa karo. Kijana mwenye ulemavu wa macho, ambaye Ibara ya 27 ya Katiba inakataza kubaguliwa, anabaguliwa kwa mstari mmoja ambao aliyeuandika huenda aliunakili tu kutoka tangazo la mwaka uliopita. Waajiri wa kaunti hii wangeweza kuufuta mstari huo kesho asubuhi pale ambapo kazi haiuhitaji. Kuufuta hakugharimu hata senti.

Na hapa kwetu kutokuwa na gari kuna hatari ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuielewa upesi. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti. Vijiji vya Sagalla vimepakana na tembo kiasi kwamba wakulima wamezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki ili kuwazuia. Huko mzazi hungoja kupambazuke kabisa ndipo amtoe mtoto kwenda shule. Mwenye gari akichelewa, anafunga kioo na kuendelea. Anayetembea akichelewa, anasikiliza matawi yanayovunjika gizani na kuhesabu nyumba zilizobaki. Vivyo hivyo barabara ya Taveta inayopita Maktau, ambayo tangu iwekwe lami mwongo uliopita imerahisisha safari kwa kiasi kikubwa: usiku ni ya wanyama, na asiye na gari lake hupanga siku yake yote kulingana na matatu ya mwisho. Kwa hiyo mama wa Sagalla anaposema hawezi kuhudhuria mkutano wa saa kumi na moja jioni, msimwite mvivu.

Milimani shida ni nyingine. Kati ya Mwatate na Wundanyi barabara inapanda kwa kona baada ya kona, bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili, na mvua kubwa ikinyesha udongo huporomoka. Ninavutiwa kila mara na madereva wa njia ile, wanavyopiga honi kabla ya kona, wanavyomjua kila bibi na mahali anaposhukia bila kuambiwa. Bibi hufika kwao salama kwa ujuzi wa mtu mwingine, naye humlipa. Huo ni mpango wa haki kabisa kati ya watu wazima wawili. Kinachokosekana ni heshima ya huduma yenyewe: kiti kisichotoboka, idadi ya abiria isiyozidi, kibanda cha kujikinga jua la Voi au ukungu wa Wesu.

Tumewahi kuona kwamba inawezekana. Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu zote nchini zilitakiwa kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na abiria wasiozidi idadi ya viti. Kwa muda abiria wa Kenya alipanda gari kama mtu. Wafanyabiashara waliokuwa wakilalamika walitii, na hakuna aliyekufa kwa kuketi mmoja mmoja. Nchini Japani wamefika mbali zaidi. Tangu mwaka 1998 mzee anayeona umri umemwelemea anaweza kurudisha leseni yake kwa hiari, na miji mingi humpunguzia nauli ya basi au teksi. Anayeacha kuendesha pale anaonekana amewafanyia wema majirani zake. Sisi hapa mzee wetu huendelea kushika usukani hadi macho yamfie, kwa kuogopa kuonekana ameshuka hadhi, na vijana wake hunyamaza kwa kumstahi.

Simkatazi mtu kujifunza gari. Kijana anayeweza, ajifunze. Ni ujuzi mzuri na huleta riziki. Wala siwachukii wenye magari, ambao mara ngapi wamempeleka mgonjwa hospitali ya Wesu usiku wa manane bila kudai hata fedha ya mafuta. Ninachokataa ni kumpima mtu utu wake kwa funguo, kisha kaunti nzima kupangwa kana kwamba asiyekuwa nazo hayupo. Tazama Voi yenyewe. Mahali pa kuegesha magari patatafutwa hata kwa kubomoa vibanda. Njia ya mwenda kwa miguu kutoka Sofia au Birikani hadi sokoni ni kipande cha vumbi kinachogawanywa kati ya pikipiki, mbuzi na mtaro.

Na jambo hili lina mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka usafiri wa kaunti mikononi mwa serikali za kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, na pia usafiri wa umma barabarani. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia kila mahali na kutumia usafiri wa umma. Kwa hiyo kivuko cha miguu ndani ya mji, kibanda cha abiria Mwatate, taa katika njia ya Kaloleni na steji isiyogeuka tope wakati wa masika ni madai, si maombi ya msaada. Barabara kuu iko chini ya serikali ya kitaifa, lakini kaunti ina mdomo wa kuisemea.

Ombi langu ni kwa wewe unayeisoma makala hii ukiwa ndani ya matatu, au umesimama ukiingoja. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inataka wananchi washirikishwe katika bajeti ya kaunti, na makadirio hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Vikao vya kutoa maoni vinapoitishwa katika wadi yako, wengi wanaozungumza huwa ni waliofika kwa magari, nao huomba barabara ya magari. Nenda, hata kama ni kwa miguu. Simama useme unatoka wapi, ulifikaje, ulilipa nauli kiasi gani, na mahali gani njiani uliogopa. Taja njia kwa jina lake na uombe iandikwe.